Kidole Changu Kwenye Faili Lako

Mpendwa Habaryar,

Nakuita bado hivyo, mama mdogo, kwa mazoea yetu ya Griftu, ingawa tangu uhamie Mandera kwa binti yako Fatuma sijui kama nina haki ya kukuita hivyo. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mezani. Afadhali niandike, karatasi hainitazami usoni.

Unakumbuka nilivyofika pale zahanati kutunza rekodi, Mkamba wa Kitui aliyedhani maziwa ya ngamia ni dawa? Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Jioni ukaniletea anjera. "Kula, kijana. Hiyo kombyuta yako haibiki chakula." Nilizoea kula kwako hata kabla sijajua kuwasalimu wazee wa mtaa vizuri.

Halafu ikaja mitambo mipya, nami nikaota mapembe. Nilikueleza kwamba rekodi zetu sasa zinalindwa kwa blokcheni: nakala ya kila faili iko kwenye kompyuta za hospitali nyingi kwa pamoja, kila maandishi yamefungwa kwa yaliyotangulia, na hakuna awezaye kufuta kitu kisijulikane. Tena faili halifunguki mpaka mwenyewe aweke kidole. Ukauliza, "Na mtu akikosea?" Nikajibu kwamba mashine haikosei. Nikilikumbuka jibu hilo natamani ardhi inimeze.

Ulikuja kuandikishwa wiki ya harusi ya Fatuma. Vidole vyako vilikuwa na hina mpaka nchani, na chini ya hina ngozi ilikuwa imelika kwa kamba ya kisima. Mashine ikakataa, ikakataa tena. Foleni ilikuwa imefika nje juani. Ukachoka: "Fidole yangu imekwisha. Weka yako, kijana, kazi iishe." Wewe hukujua maana yake. Mimi nilijua kabisa, nikaweka dole gumba langu, nikakwambia tumemaliza. Nilitaka ripoti ya wiki ipendeze.

Ndiyo maana ulipofikishwa hospitalini Mandera, hoi kwa homa, faili lilikataa kidole chako. Ndani yake nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba sindano ya penisilini inakudhuru, na hakuna aliyeweza kusoma. Wewe hukuweza kusema, Fatuma hakujua. Walinipigia simu. Nilikuwa Garissa, kwenye ukumbi wa hoteli, nikiwaonyesha wakubwa jinsi faili lisivyoweza kuibiwa, na simu nilikuwa nimeinyamazisha. Wakakudunga. Fatuma anasema uso ulivimba hata hakukutambua, na pumzi ilirudi kwa rehema za Mungu na daktari mmoja mwepesi.

Hayo peke yake yangetosha. Lakini Fatuma alinisimulia na lingine. Ulipopata nafuu walikuja kukuuliza kidole kile ni cha nani, maana walishuku mwizi wa rekodi. Ukajiinua kitandani. "Hiyo kidole ya mtoto yangu. Mimi nilimwambia aweke. Musimsumbue."

Maneno yako wakayaandika kwenye rekodi, basi hawakunisumbua. Kazi ninayo, mshahara unaingia, wenzangu wananiita mtaalamu, nami naona haya kuitika. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hii yangu ulipata kuijua wewe ukiwa mgonjwa, ukaifunika, na mimi mzima nikakaa kimya chini ya shuka lako.

Rekodi hizi hazifutiki, lakini huongezewa. Leo asubuhi nimeandika chini ya yale ya kwanza, na nakala imeshafika Wajir, Garissa na hapo ulipo: kwamba kidole ni changu, kwamba mgonjwa hakuelezwa, kwamba alinitetea kwa jambo ambalo nilimficha. Mkubwa wangu ameniita ofisini kesho. Sijui nitatoka na kazi au bila kazi, ila nitakuja Mandera tukuandikishe upya, hata kama mashine itashikwa na mtu mwingine.

Kila kitu nimekisahihisha, Habaryar, isipokuwa pale uliposema mimi ni mtoto wako. Hapo mkono ulikataa.

Upone, na Mungu akulinde kuliko nilivyokulinda mimi.

Mtoto wako, ukikubali.