Mlete Mwenzako

Jumatatu, 15 Novemba 1976

Vipele kwenye viganja. Vina wekundu wa kahawia, kama hina iliyokataa kukolea. Haviwashi, haviumi. Nadhani ni hii rangi ninayotilia ukili wa kusukia vifuniko vya sinia. Rangi ya siku hizi si ile ya zamani, iliyokuwa ikiuzwa na Wahindi. Nimesugua kwa majivu maana sabuni hakuna. Havikutoka.

Nimepika maharagwe, nimekula peke yangu mlangoni. Kiti cha Dawudi nimekipangusa. Hakuna anayekikalia, hata mimi mkewe, ila vumbi halimwogopi sajenti. Hajaja tangu Idi ndogo. Lori lake liko Mbarara, au Gulu — mke wa askari haulizi. Atakuja Idi ya kuchinja, zamu ni yangu.

Wakati wa dua nilifungua mikono, na vile vipele vikanitazama usoni.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimekwenda zahanati, ile ndogo ya njia ya Mulago. Daktari ni kijana wa Kiganda, mpole, ananiita nnyabo, yaani mama. Nilimnyooshea viganja. Akasema, vua viatu. Nikamwambia ugonjwa uko mikononi. Vua tu, nnyabo. Na kweli, kwenye nyayo vipo vilevile! Nani anajitazama nyayo?

Akauliza kama nilipata kidonda huko chini, kidonda kisichouma. Nikatazama ukuta. Nikasema sijui. Kisichouma utakijuaje? Akauliza habari ya mume. Nikasema ninaye, mmoja tu, na ni yeye huyohuyo tangu nilipovunja ungo. Akatabasamu kidogo. Wamenitoa damu mkononi. Nirudi Jumatatu.

Jumatatu, 22 Novemba

Kaswende.

Aliyeniambia ni Sista Perpétue, Mkongo wa Bukavu, mnene, ana rozari mfukoni inagongana na makasi. Kwanza alitaja jina la kidaktari, nikamkodolea macho. Akasema kaswende. Nikazidi kumkodolea. Akainama sikioni kwangu akasema kwa Luganda: kabotongo. Hapo nikaketi.

Nilianza kumwapia. Mimi, binti wa shehe wa madrasa, niliyeolewa bikira! Akanikatiza: mama, usiniapie, huyu mdudu hana habari ya dini ya mtu.

Anasema inapona. Penisilini, sindano mbili, moja kila tako. Lakini chupa zimekwisha. Zitaletwa Jumatatu ijayo, na hazitakuwa nyingi.

"Uje mapema," akasema. "Na umlete mwenzako. Mchomwe pamoja, la sivyo mtarudishiana."

Nikauliza, lazima? Lazima. Usije bila mwenzako.

Sijui Sista amejuaje. Sikumtajia mtu. Labda mke wa pili huonekana kwenye damu ya wa kwanza, siku hizi wana mashine. Maana mwenzangu ninaye, Mungu anajua. Laker, Mwacholi, yuko Ggaba kwenye samaki. Dawudi alimwoa mwaka juzi apate mtoto, mimi sikumpa. Sijakanyaga kwake wala yeye kwangu. Dawudi hataki. Anasema vyungu viwili vikigongana kimoja hupasuka.

Jumatano, 24 Novemba

Sikwenda kwa Laker. Nimesuka, nikifikiri ni yeye, ni yeye, mwanamke wa ufukweni, ndiye aliyeleta. Nilipotazama nilikuwa nimeruka rangi, nikafumua mzunguko mzima.

Na ana mimba. Wanawake wa msikitini ndio walioniambia, wakinikazia macho kama mtu anayesubiri maziwa yafurike.

Nikikaa kimya nani atajua? Hakuna. Ila Yeye. Basi kesho nakwenda.

Alhamisi, 25 Novemba

Nilimkuta anapara samaki. Aliponiona kisu kikasimama.

"Nani amekufa?"

Ndiyo salamu yake. Nikasema hajafa mtu.

"Sasa mama unakuja kufanya nini?"

Amekonda usoni, tumbo limetangulia. Mtoto kabisa, shingo nyembamba. Akanipa kigoda, akanipa maji, mambo yote kwa adabu, na mimi nilikuja nimejiandaa kwa vita. Nikamwonyesha viganja. Nikamwambia jina la ugonjwa na maneno ya Sista.

Akageuza viganja vyake juu. Safi, magamba ya samaki tu. Kisha akasema taratibu, akitazama ndoo, kwamba yeye alikuwa na kidonda, huko, kabla ya Ramadhani. Hakikuuma, kikapona chenyewe. Alimwambia Dawudi. Dawudi akasema ni joto la mimba. Na siku zile Dawudi mwenyewe alikuwa anameza vidonge vya jeshini.

Vidonge gani?

"Sikuuliza. Mke wa askari anauliza?"

Msemo wangu mimi, kutoka kinywani kwake. Dawudi alijua, basi. Alijua, akameza peke yake, akaja kwangu Idi na kanga mpya na mkate wa sukari.

Nikasema, twende Jumatatu. Akatikisa kichwa. Kaka zake wawili, askari Waacholi, walichukuliwa kambini mwaka wa sabini na mbili, hawakurudi. "Kwenye kizuizi cha barabarani nasema mimi ni mke wa Sajenti Dawudi, wananiacha napita. Jina lake ndiyo nyumba yangu, mama. Akisikia nimekwenda kumtangaza hospitali, akaniacha, mimi nitapita wapi?"

Akanifungia sato wawili kwenye jani la mgomba. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja.

Ijumaa, 26 Novemba

Nimemla sato mmoja. Mwingine ameharibika. Samaki wawili kwa mtu mmoja.

Jumatatu, 29 Novemba

Alinitangulia! Nilimkuta kwenye benchi, amejitanda hadi puani.

Sista Perpétue akatoka na trei, akatutazama. Huyu nani? Nikasema, mwenzangu. Mwenzako gani? Yule uliyesema nimlete.

Akaweka trei chini.

"Mama wee. Kwetu Bukavu mwenzako ni bwana yako! Mumeo, mama, mumeo!"

Akacheka mpaka rozari ikaruka mfukoni. Benchi zima likageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Laker akanyanyuka aende zake, na ile kunyanyuka mtandio ukafunguka, Sista akaliona tumbo. Kicheko kikakatika. Akamshika mkono akamwingiza kwa daktari moja kwa moja, mimi nyuma.

Daktari alimuuliza juu ya kidonda. Akamtoa damu, lakini akasema hangoji majibu, tumbo halingoji. Ugonjwa huu unapita kwenye kitovu. Mtoto anaweza kuzaliwa maiti, au akazaliwa hai nao ukawa ndani yake. Akichomwa sasa, mtoto naye anatibiwa humohumo. Laker akauliza mara mbili: humohumo? Humohumo.

Akatuuliza kama penisilini iliwahi kutuvimbisha. Hapana. Tukachomwa nyuma ya pazia moja. Dawa nzito, inaingia kama uji wa baridi. Laker alikamata nguo yangu begani, hakuiachia mpaka tulipotoka nje.

Sista akatuonya. Leo mtapata homa, msiogope, ni wadudu wanakufa, kunyweni maji. Lakini wewe wa tumbo usilale peke yako, na mtoto akiacha kucheza mrudi mbio. Halafu akanivuta kando. Vile vidonge vya jeshini nilivyomtajia yeye havijui, havimtoshi Dawudi. Ameficha chupa moja nyuma ya kabati, ataishikilia mpaka Jumamosi, zaidi ya hapo hawezi. Na bwana akiwagusa kabla ya sindano, kazi yote ya leo bure.

Akaongeza: "Safari hii nimesema bwana. Umesikia?"

Jumanne, 30 Novemba

Homa kweli. Ggaba ni mbali, nilimleta kwangu. Ametetemeka, nimetetemeka, mkeka mmoja. Asubuhi nikakoroga uji, nikakosea kipimo, mkono umezoea wa mtu mmoja. Nikaongeza maji.

Ananiita dada sasa. Sikumwambia aniite hivyo.

Adhuhuri alichukua mkono wangu, kiganja hikihiki chenye madoa, akakibandika tumboni. Kimya. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu moyoni. Halafu teke! Alhamdulillahi. Tukabaki hivyo, mkono wangu pale, hakuna aliyeutoa.

Jumatano, 1 Desemba

Homa imeshuka. Vipele vimeanza kufifia. Kesho Idi.

Tumebishana nani atasema. Laker: wewe, dada, ndiye mkubwa. Mimi: wewe una tumbo, hatakupiga. Tukacheka. Kisha hatukucheka. Alasiri alifunga kifurushi chake ili arudi Ggaba, Dawudi asitukute pamoja. Nikamsindikiza hadi mlangoni. Akasimama. Akasema, nikienda, atakusikia wewe usiku wa leo, na keshokutwa atakuja kwangu aseme dada yako ni mwongo. Akafungua kifurushi.

Tumekubaliana: tutasema wote wawili, neno moja moja, kama watoto wa madrasa. Kwanza jina la ugonjwa. Kisha Jumamosi.

Lori limesimama barabarani. Nalijua breki yake. Sasa yuko dukani kwa Abubaker, nasikia anacheka, anamsifu mbuzi wake wa Idi, na mbuzi analia. Ana furaha. Ingekuwa rahisi kama angekuja na hasira.

Laker mgongo unamuuma, amejitupa kwenye kiti cha Dawudi. Hajui. Hakuna aliyemwambia habari ya kile kiti.

Nasikia buti, na kwato nyuma yake. Laker ameshika mikono ya kiti anataka kuinuka. Nimemwambia: kaa hapohapo, mwenzangu.