Kipande Alichoondoka Nacho Esperansi

Mwalimu Bukuru,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikainua kalamu, kama mjinga, nikingoja uitikie. Ulituzoesha vibaya. Darasa zima likikusalimu kwa pamoja, wewe hukuridhika. Ulipita dawati kwa dawati ukiitikia, "Marahaba Neema, marahaba Juma, marahaba Esperansi," na kipindi kinakwisha. Tulikucheka. Siku hizi tunasalimu mara moja, tunaitikiwa mara moja, tunakaa.

Tulikuja kukuzika kwenu Ilagala kwa lori la mchanga. Sikulia makaburini. Nililia niliporudi Rusimbi kwa shangazi, nikiosha vyombo, kwa sababu aliuliza tu, "Yule mwalimu wa wembe ndiye amefariki?"

Mwalimu wa wembe. Hata mtaani walikujua hivyo. Siku ile ya kwanza ulikuja Kidato cha Pili na kitabu kimoja cha hadithi, kimoja tu kwa darasa zima. Ukakiweka mezani, ukatoa wembe, ukakikata mgongo. Juma akapiga kelele, "Jamani, Mwalimu anachinja!" Nawe, bila kuinua kichwa, ukasema, "Nachinja ili wote mle."

Kila kipande ulikishona kwa uzi wa nyavu uliouomba kwa wavuvi mwaloni, ndiyo maana hadithi ile yote ilinuka dagaa. Kila dawati lilipata kipande chake, na amri ilikuwa moja: mkisome, kisha mmoja wenu asimame awasimulie wengine, kwa mpangilio, mpaka hadithi ikamilike. Kazi hiyo uliiita "kuwa mdomo wa kipande."

Dawati letu tulikuwa mimi na Esperansi. Nilijaribu kwanza mimi. Nakumbuka nilivyoinamisha kichwa nikinong'ona, na wewe ulivyotega sikio kwa kiganja. "Samaki wamekusikia, Neema. Sasa sisi." Darasa likacheka, nami nikakaa. Esperansi akainuka badala yangu. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi kingi ndani, lakini alipomaliza hakuna aliyekuwa anacheka.

Unakijua kipande chenyewe, lakini niache nikiseme. Mfinyanzi anamtafuta kaka yake aliyepotea wakati wa vita. Amefika mtoni, amechoka, anataka kurudi. Mama mmoja asiyemjua anamkaribisha, na kwenye pembe ya nyumba anaona chungu kilichopasuka na kuzibwa. Ni chungu chake. Anaitambua alama ya kidole gumba chake chini ya mdomo wa chungu, na ni kaka yake aliyekibeba siku ya kukimbia. Haulizi kitu. Anaomba maji, anywe kutoka humo.

Esperansi alipofika hapo alinyamaza, akatazama dirishani. Kwao Burundi walikimbia vita yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Baba yake alilima mihogo huko huko kwenu Ilagala, mpaka siku zile watu walipoanza kurudi, na wao wakasema wanarudi.

Alikuja kuaga akiwa amekishika kipande mkononi, anakurudishia. Hukukipokea. "Nenda nacho. Utakuja nacho ukitutembelea." Mimi aliniambia, "N'agasaga," kwaheri ya kwao, na akaondoka haraka ili nisimwone usoni. Juma ndiye aliyesema: "Mkimbizi kaondoka na kitabu chetu! Sasa kina shimo." Nilifikiri utamchapa. Ukasema taratibu, "Kimerefuka tu, Juma. Sasa kinafika Burundi."

Kisha ukauliza nani atakuwa mdomo wa kipande hicho. Wote wakanigeukia. Nikatazama mbao za dawati.

"Tutangoja," ukasema.

Mwalimu, ulingoja. Ukaenda likizo unangoja, ukaugua unangoja. Kila jioni nilikuwa nayakariri maneno ya kipande kile njiani, kimoyomoyo, nikidhani muda upo.

Sasa nikupe habari. Mama Oda, mkeo, alitupa sindano yako na uzi uliobaki, tukakusanya vipande vyote tuvishone kitabu kimoja, kama ulivyotaka, kiende kwa wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza. Kiswahili sasa anatufundisha Mwalimu Rehema, bado kijana, ametokea Tabora. Si mbaya. Alitukuta tunashona, akakifunua, akasema, "Hiki kina shimo katikati. Mtoto atafika hapa atapotea. Afadhali kikae stoo." Na kweli. Ukurasa mmoja mfinyanzi anakata tamaa mtoni, unaofuata anapanda mlima mbio kama aliyeitwa.

Wenzangu wakasema, Neema akiandike kipande kilichoondoka, tukibandike. Nilifurahi sana. Kalamu haitetemeki. Lakini Juma (ndiyo, Juma huyo huyo) akasema, "Mwalimu alisema mdomo. Hakusema kalamu." Halafu, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Na tukibandika hapo, Esperansi akirudi ataweka wapi cha kwake?"

Nikaiweka kalamu chini. Mwalimu Rehema akasema basi, nijaribu kukisimulia mbele ya Kidato cha Kwanza. Wakielewa, kitabu kitabaki.

Nilisimama. Walikuwa wengi, wamebanana hadi dirishani. Nikaanza, na nikaona midomo yao inaulizana, "Anasemaje?" Mwalimu Rehema akaangalia kitabu. Nilijua kinaenda stoo, na Esperansi anaenda nacho, na wewe pia. Ndipo Juma, kutoka mlangoni, akatega sikio kwa kiganja chake.

"Samaki wamekusikia, Neema! Sasa sisi!"

Wadogo walicheka bila kujua. Sisi wa darasa letu hatukucheka. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilisema mpaka kwenye chungu, mpaka kwenye maji, na nilipofika pale Esperansi aliponyamaza, nami nikatazama dirishani.

Kitabu kimebaki. Kina shimo lake, tumeliacha wazi, uzi umelegezwa hapo ili kipande kikirudi kiingie. Baada ya kipindi, binti mmoja mdogo alinifuata hadi bombani. "Dada, alimpata kaka yake?" Nikamwambia hicho ni kipande cha dawati jingine, angoje.

Nakuahidi, Mwalimu: kila mwaka nikiwa bado hapa nitasimama nikiseme. Nikimaliza shule nitamfundisha mwingine, hadi Esperansi atakapokuja nacho mwenyewe.

Pumzika Ilagala, karibu na maji. Nitapaza sauti. Isipofika kwako, samaki wakuambie.

Mwanafunzi wako,
Neema