Bata wa Kwanza Amerudi na Basi

Shambani, chini ya Usa River,
Arusha.

Baba yangu mpendwa,

Sasa hivi hapa nilipokaa, mjukuu wako ambaye hujamwona bado amemchukua bata wa mbao, amemfunga mgongoni kwa kipande cha khanga, anazunguka naye uani huku anampigapiga na kumwambia, "Nyamaza, bibi anakuja." Sijui neno hilo la bibi kalitoa wapi. Mimi sijawahi kumtajia, maana kila nikitaka kumwambia nageukia kazi nyingine. Nimeona nichukue kalamu kabla machozi hayajanizidi.

Shikamoo baba. Mgongo unaendeleaje? Kaka Bwire aliniambia asubuhi ukiamka unakaa kwanza kitandani ndipo unyanyuke, na mimi nikawaza ni nani anayekuchemshia maji siku hizi. Mpunga wa kule bondeni umetoka vizuri? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Mvua imenyesha, Meru asubuhi unauona mpaka juu, ikifika saa nne umejifunika. Mtoto anakula, anakimbia, meno yote yameota. Mimi mwenyewe nimekonda kidogo lakini nina nguvu.

Najua simu huitaki. Mara tatu kaka amekuwekea sikioni, na mara tatu umemrudishia ukisema mtandao mbaya. Baba, mimi nilikuwa nakusikia vizuri, hadi kuku waliokuwa wakilia nyuma yako. Ndiyo maana nimeandika. Barua hata ukiiweka chini itakaa palepale ulipoiweka, na siku ukitaka utaiokota.

Nataka nikusimulie kazi ninayofanya sasa, maana katika watu wote ninaowajua ni wewe tu utakayeielewa. Baba, mimi nawinda bata. Usicheke. Au cheka tu, nitafurahi nikisikia kwamba umecheka.

Ilianza hivi. Kule Sokon mjini ninapokaa kuna mzee mmoja Mchaga, Mzee Aminieli, alikuwa fundi seremala, mkewe alifariki, watoto wako mbali. Nilianza kwake kwa kufua na kupika. Ana bunduki ya marisau na kibali cha ndege, na kila msimu ukifunguliwa mwenye shamba hili anamwomba aje, kwa sababu bata bukini wanalala huko Momela, hifadhini, ambako huruhusiwi kuwarushia hata jiwe, halafu alfajiri wanashuka huku kumaliza mimea ya watu. Zamani Mzee alikuwa na mbwa wa kuwafuata wale wanaoangukia kwenye bwawa la shamba. Mbwa akafa. Siku moja nilimletea chai hapa bwawani nikamkuta amesimama ukingoni anamwangalia bata wake anaelea katikati, na vijana wawili wa shamba wamesimama naye, hakuna anayethubutu kuingia. Nikaweka chupa ya chai chini, nikafunga khanga vizuri, nikaingia, nikaogelea, nikamleta. Wale vijana walinitazama kama mzimu. Mzee akaniambia, "Binti, sisi watu wa mlimani maji tunayajua ya kunywa. Wewe umezaliwa wapi?" Nikamwambia Ukerewe. Akasema, "Basi kesho usije na chai, njoo na nguo ya kubadilisha."

Ndivyo nilivyochukua kazi ya mbwa. Wanawake wa pale Sokon walinicheka sana. Walikuwa wakiniona jioni wananiuliza kama leo nimebweka.

Lakini Mzee hakuniacha kwenye umbwa. Alipoona sichoki kukaa kimya akaanza kunifundisha, na baba, mengi aliyonifundisha nilikuwa nayajua. Nilikuwa nakusikia ukimfundisha kaka Bwire, mimi niko nyuma ya jiko najifanya nachambua mchele. Kwamba bata anatua akiuelekea upepo, kwa hiyo wewe kaa upepo ukupige mgongoni. Kwamba uso wa mtu unang'aa kuliko anavyodhani, uinamishe mpaka ndege wawe karibu. Kwamba aliyejeruhiwa haachwi hata giza likiingia. Haya ulikuwa unayasema wewe kwa ajili ya mitego na gobore lako, na huyu mzee Mchaga ambaye hajawahi kuliona ziwa letu anayasema yaleyale. Siku ya kwanza nikiyasikia nilishindwa kujizuia. Akaniuliza unalia nini, nikamwambia moshi, na moto hatukuwa tumewasha.

Mengine yalikuwa mapya. Miezi mingi nilishika bunduki tupu, namfuata ndege angani kwa mtutu, naivuta mbele ya mdomo wake, naambiwa nimechelewa. Mzee ana neno lake, kama huoni rangi ya mguu wake, huyo yuko mbali, muache apite. Na ndege aliyekaa hapigwi. Nikajifunza kuwachonga hawa bata wa mbao na kuwapaka rangi, tunawaweka majini ili wenzao wa kweli wadhani ni salama. Wa kwanza niliyemchonga Mzee alisema anafanana na chupa ya uji. Ndiye huyo mtoto anayembeba. Nikajifunza ndege walioandikwa kwenye kibali na wasioandikwa, kuwatambua wakiwa bado vidoa angani. Nilipowajua wote, Mzee akanipeleka kwa bwana nyama, tukafuata taratibu zote, tukaenda tukarudi mpaka nikachoka, mwisho nami nikapata kibali. Baba, karatasi ya serikali imeandikwa jina langu na jina lako nyuma yake.

Bata wangu wa kwanza nilimpiga asubuhi ya baridi. Walikuja watano kutoka upande wa mlima, wakazunguka mara mbili, wakashusha miguu. Niliiona rangi. Nikanyanyuka, nikampiga wa pembeni, bukini dume, mkubwa, akaanguka majini. Hapo nikafanya ujinga. Badala ya kungoja nikaiweka bunduki chini na kujitosa bwawani, wenzake wakiwa bado juu ya kichwa changu. Mzee alicheka hadi akakaa. Alisema amefundisha watu wengi lakini hajawahi kuona mwindaji na mbwa kwenye mwili mmoja. Nilipotoka majini nimemkumbatia yule bata, baba, niligeuka kukutafuta wewe. Nakuambia kweli. Niligeuka kabisa nikatazama ukingoni, ndipo nikakumbuka niko wapi.

Mzee akasema tukamchome. Nikamwambia hapana, kwetu ndege wa kwanza haliwi na aliyemuua, anapelekwa kwa baba. Baba anakula paja, anamrudishia mwindaji bawa, ndipo mkono wake unafunguka. Nilikuona ukimfanyia kaka Bwire. Niliona ulivyomshika kichwa. Sikuwahi kukuambia, lakini siku ile nililala nimejishika kichwa mwenyewe.

Kwa hiyo nilimkausha kwa moshi siku nne, kichwa na mabawa nikamwachia kama inavyotakiwa, nikamfunga kwenye gunia safi kwa lile fundo lako la mitego. Nikampa konda wa basi la Mwanza, kaka akampokea, akavuka naye kwa kivuko hadi nyumbani. Hizo siku nilikuwa sitembei, naruka. Nilimwambia mtoto, babu anakula bata wetu.

Baada ya wiki moja na nusu konda akanipigia, "Dada, njoo stendi uchukue mzigo wako, huko wameukataa." Nilienda. Baba, fundo lilikuwa lilelile. Hukulifungua. Nilikaa kwenye benchi pale stendi nimempakata kama mtoto, watu wanapita, mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa, nikaitikia ndiyo.

Nilimpigia kaka, akasema baba amesema neno moja tu: "Ndege wa kwanza haletwi na basi." Basi mimi nikajua ndiyo umenikana. Nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba ulisema binti asiyemzika mama yake huna, nikawa sitaki kuamini, sasa nikaamini. Bunduki sikuishika tena. Hapa shambani nilikuja kupika tu. Mke wa mlinzi, Mama Naserian, ndiye aliyekuwa akimlisha mtoto, maana mimi nilikuwa nasahau.

Juzi Mzee akanikalisha chini. Akaniambia nirudie yale maneno kama ulivyoyasema, nisiongeze wala nisipunguze. Nikayarudia. Akasema, "Sasa hapo amekukataa wapi? Mimi nasikia amelikataa gari. Huyo mzee anamtaka mwindaji amlete kwa mkono wake."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nakumbuka kaka Bwire alivyokuja na bata wake, alitembea naye mkononi kutoka bondeni hadi miguuni pako. Mimi nimekutumia wako kwa konda, kama mzigo wa vitunguu. Kama kosa ni hilo, baba, nisamehe, nilikuwa mbali na nilikuwa na haraka ya kupendwa.

Lakini siwezi kuja na uongo, kwa hiyo nitakuambia leo. Siku mama anazikwa mimi nilikuwa wodini nimepasuliwa, mtoto ana siku moja. Nilimwambia kaka kwamba bosi kaninyima ruhusa. Hakukuwa na bosi. Hapo nyumbani hakuna aliyejua nina mimba. Baba wa mtoto aliahidi kuja kujitambulisha kwako tangu mimba ina miezi miwili, kwako hakufika, na baadaye hata kwangu akaacha kufika. Nikaona aibu. Mama alinipigia siku chache kabla hajaanguka, akaniuliza, "Mbona unahema hivyo, mwanangu?" Nikamwambia nimepanda ngazi. Tumbo lilikuwa limefika kifuani, baba. Mama amekufa hajui kama ana mjukuu, na ni mimi niliyemnyima. Wewe unanikasirikia kwa kutomzika. Mimi najikasirikia kwa hizo ngazi.

Mtoto mpaka leo kwenye kadi ya kliniki ameandikwa Mtoto Tabitha. Majirani wanamwita Kadogo. Nataka jina la mama. Hapa sijaliandika hata mara moja, kwa sababu jina la aliyetangulia halichukuliwi kama wizi, linatolewa na mkubwa wa nyumba, na mkubwa ni wewe. Mtoto ana masikio ya mama. Akikasirika anafunga mdomo upande mmoja, vilevile.

Bata bado yupo. Sikumla, sikumtupa. Ananing'inia juu ya jiko la kuni nyumbani kwa Mzee, amekauka kabisa, anaweza kusafiri. Ninachoomba ni hiki tu, unijulishe kama nije naye. Huna haja ya kuniandikia. Mwambie kaka neno lolote lile.

Nisalimie kaka Bwire na mkewe, na mwanao mdogo Kulwa anayesoma, asiache shule. Nisalimie shangazi mkubwa aliyemfunga mama sanda, mwambie nashukuru kwa mikono yake. Na bibi jirani wa pale kwenye michungwa, aliyenifundisha kuogelea kwa kunitupa majini, mwambie nakula kwa kazi yake.

Ni mimi binti yako, ukinikubali,
Tabitha.

Baba, nimeongeza hapa chini maana naona bado sijasema lililonileta. Nikija nitashukia kivukoni, sitaita mtu aje kunipokea. Nitapita kwanza kaburini nimwonyeshe mama mtoto. Halafu nitakuja mpaka uani na huyo bata mkononi, nitasimama. Sitapiga hodi. Ukitoka ukanipita nitajua, sitalia mbele ya watu, nitarudi na kivuko cha jioni. Lakini ukisimama, hata usiponisalimia, hata ukinitazama tu

Mzee ananipungia mkono kutoka kwenye matete, bata wanashuka, mtoto namwachia Mama Naserian. Nilikuwa nasema, ukisimama tu, baba, mimi