Mchele Wenye Jina Lako

Dada Hawa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Mwandiko nao ni mbaya, Juma anaota meno na hataki kushuka mapajani.

Tangu homa ikuchukue, maji ya mafuriko yakiwa bado yamekata barabara ya Garsen, mengi yamegeuka. Mchele wetu wa hapa Ozi sasa unatiwa kwenye mifuko iliyoandikwa "Mchele wa Dada Hawa". Chini yake: "Haukutiwa dawa. Kila mfuko unalisha watoto wa nasari." Mara ya kwanza nilipouona huo mfuko niliubusu, nikalia. Leo nikiuona naugeuza, maandishi yatazame ukutani.

Wewe ulikuwa unauhifadhi kwa majivu na majani makavu ya mwarobaini, tena unanigombeza: "We Mishi, pepeta! Wadudu hawaogopi uvivu wako." Na gunia halikushonwa mpaka ipikwe sufuria moja, aliyelileta ale kwanza mbele ya wenzake. Wanawake wa kikundi chetu walinung'unika kwamba unawaona wachawi. Ukawajibu, "Afadhali mnichukie kuliko mtoto wa mtu aumwe tumbo."

Mama Saada, aliyeshika uenyekiti baada yako, aliona kuonja ni kupoteza wakati. Mvua ilipoisha wadudu walijaa ghalani. Badala ya kutuita tupepete, akamwaga unga wa sumu, ule wanaopulizia pamba. Hoteli moja ya Malindi ikafungua gunia, ikanusa, ikarudisha magunia yote. Nikadhani tutayafukia. Dada, unajua alisema nini?

"Wapelekeeni nasari. Watoto wale wana njaa, hawana pua."

Hawana pua! Zena wangu anasoma pale. Na hata kama asingesoma pale.

Wengine walicheka. Wengine waliangalia chini. Mimi nilikuwa na sindano mkononi, nashona midomo ya mifuko, na niliposikia vile nikaendelea kushona. Mishono mitatu, minne. Nikajichukia. Mpaka sasa mikono yangu inanuka, hata ninawe vipi.

Asubuhi yake, kwenye mkutano, nilipika mchele ule. Nikapakua sahani moja, nikaishika mbele yake.

"Karibu, Mama Saada. Ndiyo desturi yetu."

Akasema amefunga.

"Umefunga na mandazi shavuni?" akauliza bibi Mwanahamisi. Watu wakacheka.

Kitinda mimba wake akanyoosha mkono kwenye sahani. Mama Saada alimvuta kwa nguvu, kanga ikamtoka kichwani, akamficha nyuma yake. Hapo hakuna aliyecheka tena. Alijua. Alijua tangu mwanzo, na bado angewapa wa wenzake.

Nikaimwaga ile sahani. Tulichimba shimo mbali na mto, tukafukia magunia yote na mifuko iliyokwisha shonwa, hata kuku wasiokote punje. Lakini mifuko mitupu amebaki nayo, marundo kwa marundo, na anasema jina ni la kikundi, si la familia yetu. Ataijaza na nini, mimi sijui.

Kwa hiyo, dada, nilikwenda kwa mwalimu wa nasari. Nikamwambia, "Mwalimu, ukiletewa mfuko wenye jina la dada yangu, usipokee." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikirudi njiani nikakaa chini na mtoto mgongoni kama mlevi.

Tumejitoa kikundini wanawake watatu. Tuna kipande cha shamba, mbegu yako, na hatuna mfuko hata mmoja. Tutawapelekea watoto kwenye ungo, bila maandishi, mpaka watu wasahau ile harufu.

Lala, dada yangu. Jina lako nimelichafua mimi ili watoto wapone, na nitalisafisha mimi, hata likinizeesha.

Mdogo wako,
Mishi