Kwa Nini Ufunguo wa Boti Uko Kwangu

Mjukuu wangu Maro,

Usicheke. Nimemaliza kidato cha nne juzi tu, lakini babu yako ni kaka yangu mkubwa, kwa hiyo bibi yako ni mimi. Hapa Garsen wote ni wazima, na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kwa nini babu yako amenipa mimi ufunguo wa boti. Ni kwa sababu ya trela ya kuibebea.

Kiangazi chote boti ilikaa uani juu ya trela hiyo. Niliiinua trela kwa jeki na kuiweka juu ya mawe ili tairi zisibonyee, na kila Ijumaa nikatia grisi na kuzungusha magurudumu kwa mkono. Jirani yetu mfugaji alikuwa akipita na ng'ombe wake na kunitania: "Hadhara, hicho chuma unakilisha sana. Maziwa tutakunywa lini?" Unajua nilivyo na haya; niliendelea kupaka grisi.

Kisha mto ukafurika, na ndugu zetu wa kijiji cha Chara wakazingirwa na maji. Kama magurudumu yangekuwa yameshikwa na kutu, boti isingefika majini. Lakini trekta ya kuazima ilipoivuta trela, yalizunguka kana kwamba yalitumika jana. Niliona kiangazi changu chote kikitembea barabarani. Jioni babu yako alirudi kwa boti hiyo na shangazi yako na watoto wake wote, wazima.

Akauliza mbele ya watu, "Nani aliitunza hii trela?"

Nikanyoosha mkono kama darasani, naye akauweka ufunguo papo hapo kwenye kiganja changu.

Bibi yako,
Hadhara