Cheti Chako Kimo Humu

Miyuji, Dodoma

Erica mdogo wangu,

Hujambo? Huku vumbi tu, na mwanangu ameota jino la kwanza.

Unakumbuka nilivyoazima cheti chako cha kuzaliwa nikasajiliwa netiboli, wasichana chini ya miaka kumi na saba? Jumamosi, tukipeana mikono kabla ya mechi, binti mmoja wa timu pinzani alinipigia goti: "Shikamoo." Nikajibu, "Marahaba," bila kufikiri. Wenzangu wakacheka. Kocha akanikonyeza tu.

Robo ya tatu nikamgonga binti yuleyule tukigombea mpira, akavunjika mkono. Akalia, "Mama!" Nami nikaitika, "Ee, mwanangu."

Jezi nimerudisha. Cheti chako kimo humu. Njoo ucheze wewe.

Dada yako Dorothea,
miaka ishirini na minne