Baba Amerudi Kukaza Nyuzi

Arua,
27 Agosti 2025.

Mpendwa Baba Mdogo Ayiko,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Mama Mdogo. Goti linaendeleaje? Annet alinipigia akasema sasa unatembea mpaka sokoni bila fimbo. Kama ni kweli, Mungu ashukuriwe. Kama ni maonyesho ya kumridhisha daktari, tafadhali irudie fimbo yako. Na Natale je, ile malaria imemwacha?

Sisi huku ni wazima. Kule nyumbani karanga tumeshang'oa na kukausha, ufuta ndio kwanza unachipua, na mvua ya Koboko mwaka huu haina ubahili. Mama anapumua vizuri tangu aache kupikia kuni mbichi. Naandika kwa Kiswahili badala ya Kilugbara ili Mama Mdogo ajisomee mwenyewe, maana nasikia ukimtafsiria unaruka sehemu unaposemwa.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tano uliniuliza kwa nini kaka yako ameacha kukaza nyuzi za adungu za kwaya, nikakujibu ni mgongo. Nisamehe, hivyo ndivyo alivyotuambia nyumbani. Haukuwa mgongo. Masikio ya Baba yamekwisha. Anasikia radi na lori la mizigo; sauti nyembamba hazimfikii tena, na daktari alisema hazitarudi.

Wewe unaelewa maana yake kuliko mimi. Adungu, kinubi chetu, ni mbao, ngozi na nyuzi za nailoni. Pasipo mtu wa kuzipatanisha ni kuni zilizopindwa. Miaka thelathini kwaya za Koboko zimemletea Baba adungu zao kabla ya kila sikukuu, na hajawahi kujiita mkulima ingawa analima. Tangu Pasaka alikuwa akikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, chakula anakula nusu, hataki mtu amtazame. Niliogopa, Baba Mdogo. Masikio peke yake nisingeyaogopa. Niliogopa kwamba anajizima mwenyewe.

Ukweli niliupata kwa Mindra, kiongozi wa kwaya, yule mama mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Nilikwenda kumlaumu kwamba wamemtupa mzee. Akainamisha uso. "Si kutupa, dada," akasema. "Mwaka muzima mzee iko nakaza, sisi nachukua, nasema asante. Tukifika mbele kwa kona, boda nasimama, Laku nakaza yote tena. Kumwambia mzee, nani ataweza?" Laku ni mpigaji wao mpya, aliyekuja kutoka Sudan Kusini. Mwaka mzima watu hao walimsitiri Baba, na mimi binti yake niko Arua sijui lolote.

Nilirudi Arua na aibu yangu, nikiwaza kwamba macho ya Baba bado ni mazima. Unajua kazi yangu ni kufunga sola na kutengeneza vidude vya kuchunga betri. Ndani ya kila kidude kuna bodi ndogo ya kompyuta, inaenea kwenye kiberiti, na huwa naiandikia amri kwa MicroPython, lugha nyepesi ambayo hata wewe ungeisoma ukivaa miwani. Basi nikaweka maikrofoni ndogo na taa tatu: nyekundu, uzi umelegea; buluu, umekazwa mno; kijani, hapo hapo. Ilikuwa kazi ya siku mbili tu. Nikajisifu njia nzima mpaka Koboko.

Kidude kilinivua nguo mchana kweupe. Uzi ukipigwa haulii muda mrefu, na MicroPython kila amri lazima iitafsiri kwanza, tena katikati ya kusikiliza inasimama kufagia kumbukumbu yake. Ikifagia, sauti inapita. Taa zikawa zinarukaruka, kijani, nyekundu, kijani. Baba alikaza kwa kuifuata nyekundu ya uongo mpaka nyuzi mbili zikakatika mkononi mwake. Akakiweka kidude chini taratibu. "Hii nayo iko kiziwi," akasema, akaingia ndani. Sikufichi, nililia njiani kurudi.

Ndipo nilipoamua kushuka kwenye lugha ya C. C haina mkalimani. Unaongea na chuma chenyewe. MicroPython inakubali jambo hilo: unaandika moduli yako, yaani fungu la amri, kwa C, unaisajili kwa jina, unaijenga upya MicroPython nzima moduli ikiwa ndani, kisha unaimimina kwenye bodi. Kusikiliza kungefanywa na C bila kusimama, nayo MicroPython ingebaki na kuwasha taa. Kwa mdomo ni rahisi hivyo. Lakini sikuwa nimeandika C tangu chuo, na zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, ambayo kwaya ya Mindra ilialikwa kuimba kanisani Ombaci.

C si mpole kabisa. Ukikosea kwenye MicroPython unaambiwa mstari gani. C inakunyamazia uende zako shimoni. Siku tisa bodi iliganda kila baada ya kupima nyuzi kumi hivi, bila neno. Nilibadilisha nyaya, nikalaumu betri, nikalaumu na mvua. Mwisho nikaona ujinga wangu. Nilikuwa nimetenga nafasi mia tano na kumi na mbili za kuweka sauti, halafu nikaandika mpaka nafasi moja zaidi ya hizo. Ile ya ziada ilikuwa ya kazi nyingine ndani ya bodi, na mimi naikanyaga kila mara. Kosa lenyewe ni alama moja tu. Nikaifuta, nikajenga upya, nikaiita moduli kwa amri "import adungu", maana adungu ndilo jina nililoipa, nikapiga uzi uleule mara mia moja. Taa ya kijani ikatulia. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, nikasikia mabega yakishuka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Lilikuwa limebaki kosa la kiburi. Ndani ya moduli niliweka jedwali la noti za kinanda, kama zilivyo vitabuni. Baba akakaza adungu moja mpaka kijani tupu, Mindra akajaribu kuimba, sauti ikamkwama kooni. Baba hakusikia, ila aliiona shingo yake. "Si adungu naanza," akaniambia. "Mutu naanza." Nimekulia katika nyumba hiyo, nikiwatazama nyinyi wawili mkimsubiri mwimbaji avume kwanza ndipo mguse besi, na bado nilisahau. Nikalifuta jedwali lote. Nikaandika amri mbili: "sikiliza", inayoishika sauti ya mwimbaji, na "linganisha", inayozipima nyuzi zote kwa sauti hiyo.

Siku mbili kabla ya sikukuu Mindra alivuma mbele ya maikrofoni, Baba akaanza na ile kubwa ya besi. Adungu zilikuwa saba. Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka saa tisa, ulimi nje kidogo kama unavyomkumbuka, na Mama alipoleta chai alimfukuza. Mungu anajua jinsi nilivyofurahi kuona mtu akifukuzwa. Asubuhi ya sikukuu akazipitia tena zote, kwenye ua wa kanisa. Laku alizijaribu moja moja, akanitazama, akafuta uso kwa shati.

Waliimba, Baba Mdogo, na watu walisimama kwenye viti. Baba alikaa safu ya mbele akitazama vidole vya wapigaji, na vigelegele vilipopigwa ndipo alipojua kwamba wimbo umekwisha, maana aliona midomo ya akina mama. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Kidude changu hakikumrudishia wimbo.

Kesho yake Mindra na wenzake walileta adungu nyumbani kwa sababu uzi mmoja ulikuwa umekatika. Baba hakuushughulikia huo uzi. Alizipanga zote saba ukutani, akachuchumaa, akawa anapitisha kidole gumba juu ya vigingi vya kukazia nyuzi, kimoja kimoja, adungu baada ya adungu. Nikamuuliza kwa ishara anatafuta nini. Akajibu kwa ile sauti yake kubwa ya siku hizi, hata waliokuwa jikoni wakasikia: "Kigingi mimi nafunga, najua nasimama wapi. Mwaka jana yote iko narudi imezungushwa na mukono ya mutu ingine. Nilinyamaza. Pasaka nikasema basi, imetosha."

Kumbe alijua tangu mwanzo. Sote tulisimama pale tukimtazama mzee akiendelea na kazi yake bila haraka, mpaka akafika kigingi cha mwisho cha adungu ya mwisho. Akakaa chini kabisa, mgongo ukutani, mikono magotini.

"Hii yote hawakugusa," akasema.

Msalimie sana Mama Mdogo, na Annet, na Natale. Mama anawasalimu, mdogo wangu Sandra anawasalimu, na Mzee Dramadri, jirani yenu wa zamani, anauliza lini utakuja. Baba hakutoa salamu. Ana adungu za kwaya nyingine mbili mlangoni na amesema asisumbuliwe. Mungu awatunze mlalapo na mwamkapo, na njia ya kuja kwetu aiweke wazi.

Ni mimi binti yako, nikupendaye siku zote,
Driciru.